Maji ya usoni yana njia yake

Asalaam aleikum, na habari za asubuhi dada zangu, pamoja na kaka wawili watatu niliowaona kule nyuma.

Kabla sijaanza, naomba kila mmoja apitishe mkono chini ya mtandio, au alegeze kola, aguse kile kishimo kilicho juu ya mtulinga, pale shingo inapoanza. Msibonyeze, gusa tu. Haya. Yale maji yanayomjaza mteja uso asubuhi, yale ambayo kila siku saluni mnaulizwa dawa yake, njia yake inaishia hapo. Upande wa kushoto wa uso unamwaga kushoto, wa kulia unamwaga kulia, na hapo ndipo yanapoingia kwenye mshipa mkubwa wa damu. Mengi nitakayosema leo yanazunguka kishimo hicho.

Mimi ni mtu wa fiziotherapia. Kazi yangu hasa si nyuso. Nawahudumia kina mama waliotolewa tezi za kwapani kwa sababu ya saratani ya titi, mkono ukavimba hadi bangili haipiti. Kwa hiyo nikiona kwenye simu mtu anajikwangua mashavu kwa jiwe huku anasema “natoa sumu”, roho inaniuma kidogo. Neno hilo naomba tulitoe mdomoni. Anayetoa uchafu wa damu ni figo na ini. Kinachojaa usoni ni maji, na maji yana mwendo wake.

Damu ikipita kwenye vimishipa vyembamba kabisa, sehemu ya maji yake huvuja kwenda kulisha nyama. Mengine hayarudi moja kwa moja, hukusanywa na mishipa mingine myembamba, na hapo ndipo tunapoyaita limfu. Kwa hesabu ya vitabu vingi ni kama lita 3 kwa siku. Mmeshaona lengelenge likipasuka? Yale maji mepesi ya njano hafifu ni ndugu yake. Njiani limfu huchujwa kwenye tezi. Mtoto akiwa na kidonda mguuni mnasema ametoka mtoki, na mtoki ni tezi hiyo hiyo imevimba ikipambana na vijidudu. Shingoni zimejaa tele kuliko mnavyodhani.

Damu inasukumwa na moyo, limfu haina moyo. Mishipa yake hujikunja yenyewe polepole, ina vilango vinavyozuia maji kurudi nyuma, na inategemea sana misuli ikitembea na kifua kikipumua. Vilango hivyo vikiharibika, sisi watu wa pwani hatuna haja ya kuletewa mfano kutoka mbali. Tumekua tukiona matende. Mnyoo uliopandikizwa na mbu anakaa ndani ya mishipa ya limfu, anaiharibu, mguu unafura miaka na miaka. Ndiyo maana watu hugawiwa vidonge mitaani, ivermectini na albendazoli, hata asiye na uvimbe anaambiwa ameze. Nalisema hili kwenye mkutano wa urembo kwa makusudi, ili mjue mfumo mnaotaka kuugusa ni upi.

Sasa turudi usoni. Mteja kaamka, macho yameumuka kama maandazi. Usiku kucha alikuwa amelala, maji hayakuvutwa kwenda chini, misuli imetulia, na ngozi ya kope ni nyembamba kuliko zote mwilini, haifichi kitu. Aliyelalia ubavu mmoja, shavu la upande huo limejaa zaidi. Ukimuuliza alikula nini jana: chipsi zimenyunyiziwa chumvi mara mbili, au ng'onda, au mchuzi umetiwa vile vidonge vya supu vitatu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo imo ile iliyojificha kwenye mkate. Chumvi hushikilia maji. Pombe nayo, kulia, mafua, mzio wa vumbi. Mwingine anafikicha macho tu. Ikifika saa nne, akishatembea na kufanya kazi, uso umeshuka wenyewe, na sifa anapewa krimu.

Mkono unaweza kusaidia kuharakisha. Aliyeupangilia usugaji huu ni Mdenmaki, Emil Vodder, pamoja na mkewe Estrid, mwanzoni mwa miaka ya 1930 huko Cannes, Ufaransa. Walikuwa wakipokea watu wenye mafua sugu na tezi za shingo zilizovimba, wakati ambapo tezi hizo zilikuwa hazikaribiwi. Mwaka 1936 waliupeleka Paris. Vodder hakuwa daktari wa tiba, na kwa miaka mingi madaktari walimtazama kwa jicho la pembeni. Leo hospitali zinautumia kwa uvimbe wa limfu. Kwa urembo ushahidi ni mdogo, na nisiwadanganye: uso unapungua kwa saa kadhaa, kisha unarudi ulivyokuwa.

Njoo dada, wewe wa mtandio wa kijani, keti hapa. Asante. Wote angalieni mkono wangu. Sianzi usoni. Naanza kwenye kile kishimo, nazungusha ngozi taratibu mara tano, mara sita, kwa sababu huwezi kusukuma maji kwenda kwenye mfereji ambao hujafungua mwisho wake. Kisha ubavu wa shingo, kutoka chini ya sikio kwenda chini. Kisha chini ya taya. Ndipo mashavu, kutoka puani kuelekea sikioni. Kope ni ya mwisho, kwa kidole cha pete, maana ndicho kidole kisicho na nguvu. Mnaona vidole havitelezi? Ngozi ndiyo inayosogea, kidole kimekaa pale pale. Mishipa hii iko juu juu, ukikandamiza kama unasuuza jinzi unaifunga. Uzito ni ule wa kumpapasa mtoto wa siku tatu. Ngozi ikiwa nyekundu, umezidisha. Penye chunusi zilizoiva pita mbali, kusuga hakutibu chunusi.

Kuna jambo limenileta hapa kuliko hilo. Mkorogo.

Mteja anataka uso safi, anapakwa krimu isiyo na maandishi ya maana. Baadhi zina zebaki. Zebaki hupenya kwenye ngozi na kuharibu figo, figo zikianza kuvujisha protini, maji yanabaki mwilini, na mahali pa kwanza kuonekana ni usoni asubuhi, kuzunguka macho. Si habari ya jana. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha kwenye jarida la tiba la Uingereza habari za wagonjwa wa figo za namna hii, na wengi wa wanawake walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Wako waliopona kwa kuacha kupaka. Basi fikirini: mtu anapaka, uso unavimba, anakuja kwako umsuge, unamsuga, anaondoka na krimu ile ile.

Kwa hiyo ulizeni. Uso umejaa kila siku na miguu pia? Bonyeza ugoko wake kwa kidole, hesabu hadi kumi, inua. Kikibaki kishimo, na mkojo wake una povu kama la sabuni, huyo ni wa hospitali leo. Shavu moja tu limevimba na jino linauma, ni wa daktari wa meno. Midomo imevimba ghafla na pumzi inabana, hapo ni kukimbia. Na tezi ngumu ya shingoni iliyokaa wiki kadhaa usiiguse, kifua kikuu hukaa kwenye tezi vilevile.

Ndiyo, mama pale. Anauliza kama ni lazima kununua lile gurudumu la jiwe la kijani. Si lazima. Jiwe linasaidia kwa ubaridi wake tu, na kijiko cha chai kilicholala kwenye friji kinafanya kazi hiyo hiyo. Ila kila mteja na kijiko chake, na kioshwe kwa sabuni.