Tiba Isiyohitaji Sikio

Wazee wangu shikamooni, na wenzangu habari za jioni.

Familia nyingi hapa mjini zina mzee wa aina hii. Zamani alikuwa hakosi barazani baada ya magharibi, siku hizi haonekani. Simu ikiita anaiacha ilie mpaka inyamaze, halafu anasema alikuwa ameiweka kwenye chaji. Ndani ya daladala anang'ang'ania kiti cha karibu na mlango, maana hana hakika kama konda ametaja kituo chake au kinachofuata. Watu wakicheka naye anacheka, ila amechelewa kidogo. Nyumbani wanasema mzee kawa mkali. Mimi nasema mzee hasikii vizuri, amechoka kukisia. Jioni hii nazungumzia tiba ya saikolojia kwa watu kama yeye, inayofanywa kwa kuandikiana na mtaalamu kwenye simu.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilikadiria kuwa watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa usikivu kwa kiwango fulani, na milioni 430 kati yao upungufu wao ni mkubwa kiasi cha kuhitaji huduma. Sababu mnazijua: uzee, kelele, masikio yaliyotoka usaha tangu utotoni bila kutibiwa, na baadhi ya dawa, gentamaisini ikiwemo. Hayo nawaachia madaktari wa masikio. Na mtu akipoteza usikivu ghafla, aende hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri.

Ninachokifuata ni kile kinachobaki daktari akishamaliza. Shime sikio, kile kifaa cha kusaidia kusikia, linaongeza sauti, lakini mtu aliyejizoesha kujificha kwa miaka haachi kwa sababu amevaa kifaa. Ukikwepa kikao cha vikoba leo unapata ahueni, na ahueni hiyo hiyo ndiyo inayokufundisha kukwepa tena wiki ijayo. Hivyo ndivyo upweke na sonona vinavyoingia ndani ya nyumba iliyojaa watu.

Waswidi waliliona hili mapema. Mwaka 2002 Gerhard Andersson na wenzake walichapisha utafiti wa tiba ya saikolojia kwa intaneti kwa watu wanaoteswa na mlio usiokoma masikioni. Wengi waliachia njiani, tusifiche hilo. Baadaye, mwaka 2018, Peter Molander na wenzake wakachapisha jaribio dogo, watu 61, safari hii kwa wenye matatizo ya kusikia wanaoumia moyoni. Tiba ilichukua wiki nane. Waliotibiwa walipata nafuu kuliko waliokuwa bado wanasubiri zamu yao. Ni jaribio la mwanzo tu, wala sitaki mtu atoke hapa akitangaza muujiza.

Tiba hii inafanywaje? Kila wiki unapokea kwenye simu somo fupi la kusoma na zoezi la kufanya. Unaandika yaliyokupata, mtaalamu anakujibu kwa maandishi. Hakuna kukisia midomo wala kuomba mtu arudie. Kwa mgonjwa huyu simu si mbadala hafifu wa chumba cha ushauri, mara nyingi inakishinda, kwa sababu kule chumbani feni inavuma, dirishani bodaboda zinapiga honi, na yeye anatumia nguvu zake zote kusikia badala ya kusema yanayomsumbua.

Mazoezi yenyewe ni ya kawaida kabisa. Tuseme mzee wetu anaandika: "Nikiwaambia sisikii, wataniona nimekwisha." Mtaalamu habishani na wazo hilo. Anamwuliza, baraza lina thamani gani kwako? Kisha wanapanga hatua moja: kumwambia rafiki mmoja tu, "Kaa upande wangu wa kulia, na ukiongea nitazame." Wazo la aibu linaweza kuja naye mpaka barazani, na aende nalo hivyo hivyo. Wiki ijayo anaandika ilikuwaje.

Sasa, ukiihamishia Dar es Salaam kuna ya kurekebisha. Sisi tunapenda mno kutumiana sauti kwenye WhatsApp, na kwa mtu huyu sauti ni ukuta. Kiswahili kiwe cha mtaani, maandishi mepesi yasiyomaliza bando. Simu nyingi za wazee zinashikwa na wajukuu, kwa hiyo pawe na namba ya siri kabla ya neno la kwanza kuandikwa. Wapo wasiosoma. Hapo wengi hupendekeza mjukuu awasomee. Mimi sikubali, kwa sababu mzee hatamwandikia mtaalamu kuwa anajiona mzigo huku mjukuu ndiye anayechapa. Bora huyo aonane na mtaalamu ana kwa ana, mahali pa kimya. Na mwenye mawazo ya kujiua asiachwe na masomo ya simu peke yake. Apelekwe kwa mhudumu wa afya mara moja, na asiachwe bila mtu karibu.

Mwenye swali aje hapa mbele kwenye taa, uso wake uonekane. Asiyependa kusimama achukue karatasi pale mezani aandike, nitasoma swali lake kwanza kabla ya kulijibu.