Taa ya Mafuta Haijui Uendako

Wazee wangu shikamooni. Mama zangu, shikamooni nanyi. Vijana wa bajaji na bodaboda mliojazana huko nyuma, hamjambo?

Aliyenialika aliniomba nizungumzie matunzo ya gari. Nikamwambia matunzo ya gari ni bahari, na mimi mtu wa Mikindani, nipe ghuba moja tu niivue vizuri. Ghuba niliyochagua ni hii: lini uweke mafuta.

Naona mnacheka. Mnasema, huyu mzee ametutoa nyumbani Jumamosi kuja kutuambia mafuta yakiisha tuweke? Basi naomba kila mwenye gari au pikipiki nje pale ajiulize kimoyomoyo: sasa hivi tangi langu lina lita ngapi? Sikuulizi mshale uko wapi, nakuuliza lita. Haya, kimya. Nimekuwa fundi wa magari zaidi ya miaka thelathini, na wanaojua jibu hilo nawahesabu kwa vidole.

Tuanze na huo mshale. Ndani ya tangi kuna boya, dogo tu, limeshikwa na mkono wa waya. Mafuta yakijaa linapanda, yakipungua linashuka kama ngalawa maji yakitoka. Ule mkono ukisogea unasugua kipande cha kupunguza umeme, na mshale kwenye dashibodi unasoma umeme uliopita. Kwa hiyo geji inapima kimo cha boya, haijui lita. Sasa tangi la gari si pipa. Limekunjwa likae chini ya kiti cha nyuma, likwepe ekzosi, likwepe ekseli. Huku pana, kule jembamba. Ndiyo maana ukijaza, mshale unaganda pale kwenye F, yaani limejaa, unakwenda Lindi unacheka peke yako kwamba gari halinywi, halafu ukivuka nusu unaanza kuporomoka kama mtu aliyesukumwa. Gari halijabadilika tabia. Ni umbo la tangi, na boya lililokuwa limebanwa juu.

Ongeza uzee. Magari yetu mengi yamekuja hapa yameshatumika Japani miaka kumi na zaidi. Kile kipande kinachosuguliwa kimelika. Mshale unaruka, unalala, unaamka ukipiga tuta. Kuna Toyota Noah moja niliitengeneza, mwenyewe alikuwa ananiambia, "Fundi, hii geji ukiipiga kofi dashibodi inasema kweli." Nikamwambia hata mtu ukimpiga kofi anasema chochote.

Na mlima je? Ukitoka Masasi unapanda Newala, mafuta yanakimbilia nyuma ya tangi. Ile taa ya dashibodi inayoonya kuwa mafuta yanaisha inaweza kuwaka kwenye kona na kuzima ukifika juu kwenye uwanda. Ikiwaka na kuzima hivyo, usiseme ina wazimu. Inakwambia umekaribia.

Hiyo taa yenyewe, kwa magari mengi madogo, huwaka yakibaki mafuta ya kati ya lita 5 na 8. Kila gari na yake, kitabu chake kinasema, na kama kitabu kimeandikwa Kijapani nitawapa njia nyingine baadaye. Tuchukue 6. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita, hizo ni kilomita 72. Lakini hesabu hiyo ni ya gari linalokwenda taratibu, dirisha nusu, abiria wawili. Panda watu saba, weka magunia juu ya keria, washa kiyoyozi, kimbiza 110 kwa sababu unawahi. Upepo unaolipinga gari hauongezeki kidogo kidogo ukiongeza mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, upepo unapinga mara nne. Gari lilelile linaweza kushuka kilomita 9 kwa lita. Sasa una 54. Kutoka hapa Mtwara hadi Mingoyo, pale njia inapogawanyika ya Lindi na ya Masasi, ni zaidi ya kilomita 80.

Ile taa haijui kama unakwenda Shangani hapahapa mjini kununua samaki au unakwenda Tunduru. Inawaka vilevile. Yenyewe inajua tangi, njia unaijua wewe. Kwa hiyo kumwachia taa uamuzi wa lini uweke mafuta ni kumwachia asiyejua uendako akupangie safari.

Babu zetu wa majahazi hawakufanya hivyo. Nahodha alipotaka kujua maji ya kunywa yanatosha, hakuchungulia pipa akasema "bado nusu". Aliuliza kwanza: kisima kinachofuata kiko bandari gani, na kusi linatufikisha lini? Pipa lililojaa nusu ni maji mengi ukiwa mbele ya Kilwa, na ni kiu ukiwa katikati ya maji makuu.

Nitawasimulia yangu, maana si vizuri kufundisha kama mtu ambaye hajawahi kulala porini.

Nilikuwa natoka Dar na pikapu ya dizeli, miaka ya nyuma. Tulikuwa tunakwenda mazikoni Lindi vijijini, mazishi asubuhi. Nyuma nimepakia ndugu, mbele nimemketisha mama mkwe wangu. Tumefika Nangurukuru saa moja usiku, mshale uko robo. Sheli ina foleni, mabasi mawili na malori. Nikasema moyoni, mbele ipo nyingine, nikapita. Kutoka Nangurukuru hadi Lindi ni zaidi ya kilomita 150, na enzi hizo sheli hazikuwa nyingi kama leo. Hiyo "nyingine" niliikuta kweli. Mafuta yapo, umeme hakuna, jenereta mbovu, na aliyekuwepo ni mlinzi peke yake na redio yake. Dizeli iko chini ya miguu yangu, lita maelfu, na siwezi kuipata hata kikombe! Nikaendelea. Tulipovuka mto Mbwemkuru gari likakohoa, likavuta, likazima.

Mama hakusema neno. Alishuka, akatandika kanga yake kando ya barabara, akakaa.

Usiku wa manane akaja dereva wa lori, Mungu ambariki alipo, akatuvutia lita kumi kwa mpira. Nyie wa petroli mngeweka na kuondoka. Dizeli ikiisha kabisa, hewa inaingia kwenye mabomba, na injini ya dizeli haisukumi hewa. Nikaanza kubonyeza pampu ya mkono kwenye filta, nalegeza nati, povu linatoka, nafunga, nabonyeza tena, tochi iko mdomoni. Mpaka likawaka kumekucha, na tulipofika kaburi lilikuwa limeshafukiwa.

Mama mkwe hajawahi kunilaumu mpaka leo. Ila kila nikimpitia tuna safari, hata ya sokoni, anaingia garini, anafunga mlango, ananiuliza kwa upole, "Mwanangu, mafuta yapo?"

Nimejiuliza sana kosa lilikuwa lipi. Robo tangi halikuwa kosa. Kwa safari ya mjini robo ni mali. Nilikosea pale nilipoihesabu sheli ya mbele kana kwamba nimeshaifikia. Sheli inaweza kuwepo na isiwe na mafuta, iwe na mafuta isiwe na umeme, au iwe imefungwa. Tangu siku hiyo napiga hesabu ya kuifikia ile ya pili. Kama mafuta niliyonayo hayanifikishi sheli ya pili mbele yangu, naweka hapa nilipo, foleni iwepo isiwepo. Na barabara nayo ina mambo yake. Mei 2024, kipindi cha kimbunga Hidaya, maji yaliikata hii barabara ya Lindi na Dar kule upande wa Somanga. Mtu aliyekuwa amepiga hesabu kamili ya kufika alijikuta anarudi alikotoka, na hesabu ya kurudi hakuwa nayo. Vijana mnaona lami mnadhani ilikuwepo siku zote. Sisi tulivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, na utingo wa lori bila pipa la dizeli nyuma tulimwona kama mtu aliyesahau suruali.

Nageukia mfuko sasa, maana najua ndiko mnakoniwazia. Mzee anasema jaza, pesa anatoa nani?

Mnajua mnavyoagiza. "Weka ya elfu kumi." Bei ikizunguka elfu tatu kwa lita, hizo ni lita tatu na kitu. Wa bajaji ana hesabu ya bosi jioni, anaweka yanayomtosha mpaka jioni, kwa sababu asubuhi bajaji inaingia mikononi mwa mwenzake, na nani anataka kumwachia mwenzake mafuta? Siwacheki. Hiyo ni akili ya mtu anayejua pesa yake. Tena nawaambia kweli, anayejaza tangi hapati kilomita moja zaidi kwa lita kuliko anayeweka ya elfu kumi. Lita ni lita.

Ila kuna kitu mnakilipia bila kukiona. Anayezurura karibu na E, yaani tupu, hachagui sheli, inamchagua yeye. Ananunua pale taa ilipomkamata, hata kama ni ile sheli ambayo mtaa mzima unanong'ona kuwa kipimo chake kina mkono mzito. Na pampu ya petroli katika magari mengi ya siku hizi imekaa ndani ya tangi, inapozwa na mafuta hayohayo. Haiungui kwa siku moja, lakini ukiiacha bila mafuta ya kuipoza kila wiki inachoka mapema, na bei ya pampu mnaijua.

Sasa sikilizeni hesabu ambayo huwa naona watu hawaipigi. Ukiweka lita tano za ziada leo, halafu ukaamua kwamba sifuri yako si E tena, sifuri yako ni robo, zile lita tano umezilipia mara moja tu. Kesho utaendelea kuweka ya elfu kumi yako kama kawaida, utatumia kilekile. Tofauti ni kwamba unazunguka kati ya robo na nusu badala ya kuzunguka kati ya E na robo. Zile tano zimelala pale, hazijapotea, na siku ya mgonjwa usiku zinaamka. Kwa bajaji ya zamu, kubalianeni wawili mchangie akiba moja na kila mtu airudishe alipoikuta. Nimewaona wanaofanya hivyo, na nimewaona waliogombana kwa hilo pia, sitawadanganya.

Wengine wanasema tangi likijaa gari linakuwa zito, linakula. Petroli lita moja haifiki hata kilo moja, ni kama robo tatu ya kilo. Lita ishirini ni kilo kumi na tano. Hapo umeogopa uzito wa mtoto wa miaka minne, na kwenye buti kuna spea mbili na jeki ya lori. Wengine wanasema weka alfajiri, mafuta yakiwa ya baridi ni mengi. Matangi ya sheli yamefukiwa ardhini, jua la Mtwara haliyafikii hivyo. Lala tu.

Kusubiri Jumatano nako kumekuwa mchezo. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei yetu inafuata mafuta yanayoshushwa bandari yetu hapa Mtwara. Basi Jumatatu na Jumanne watu wanatembea na taa imewaka wakiomba bei ishuke. Ikishuka shilingi 50, kwa lita 40 umeokoa 2,000. Ikipanda umeumia, na ukiishiwa njiani bodaboda wa kukuletea dumu peke yake ameshaila hiyo elfu mbili. Chenye maana zaidi ni mahali: kadiri unavyotoka bandarini bei inabeba nauli ya lori la mafuta. Anayekwenda Tunduru ana sababu ya kujaza hapa.

Na hapa huwa nacheka kidogo. Chini ya ardhi hii linapita bomba la inchi 36 kutoka Madimba mpaka Dar, gesi yetu, na juu yake mtu wa Mtwara anasukuma gari limeishiwa petroli.

Ile njia niliyowaahidi ya kujua lita zako bila kitabu ni hii. Jaza mpaka bunduki ya pampu ya sheli ikate yenyewe mara ya kwanza. Usimwambie kijana "shindilia". Magari mengi yana chombo cha mkaa kinachonasa mvuke, na kushindilia kunakilowesha. Andika kilomita. Tembea maisha yako. Siku utakayojaza tena, gawa kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Fanya mara tatu, moja ukiwa umepakia. Na siku taa ikiwaka ukiwa mjini karibu na sheli, nenda ujaze uone zimeingia lita ngapi: tangi la lita 45 likimeza 38, basi taa yako huwaka zikibaki saba hivi. Mimi nina kidaftari kwenye dashibodi tangu ule usiku wa Mbwemkuru.

Nani ameuliza? Ndiyo, wewe wa boda. Anasema pikipiki yake ina rizevu, ile akiba ya mwisho ya tangi unayoifungua kwa koki, kwa hiyo hayamhusu. Mwanangu, ulipoishiwa mara ya mwisho, koki ilikuwa wapi? Eeh, wenzako wamekujibu. Koki ilikuwa kwenye rizevu tangu Ramadhani. Ukishaweka mafuta, irudishe.

Maneno yanatosha. Nimeomba funguo za lile gari dogo jeupe hapo nje. Tutanyanyua kiti cha nyuma, tufungue kifuniko, kila mtu alione boya kwa macho yake. Mwenye sigara abaki humu ndani.