Mtoto wa Dawati la Nyuma

DADA: Karibuni tena, tupo Kigoma mjini. Mwalimu leo kaja na kikaratasi kimekunjwa mara nne. Nisome?

MWALIMU: Soma, dada.

DADA: "Robo ni kubwa kuliko moja ya tano, kwa sababu dagaa wakigawiwa watu wachache, kila mmoja anapata fungu kubwa." Kaandika nani?

MWALIMU: Binti wa darasa la tano. Tangu Januari sikuwahi kusikia sauti yake. Nikiuliza swali, huko mbele vidole vinalia, "Mwalimu mimi! Mwalimu mimi!" Yeye kainamia dawati. Nikamhesabu na wazito. Linaniuma mpaka leo.

DADA: Ukajuaje kwamba anaelewa?

MWALIMU: Jumamosi moja nimekwenda Kibirizi kununua dagaa, namkuta anamsaidia mama yake kuuza. Anabishana na mchuuzi kwa Kiha, nusu na robo anazipiga kichwani, chenji tayari iko mkononi. Yule yule!

DADA: Kumbe si mkimya.

MWALIMU: Ni mkimya darasani. Carl Jung, mtaalamu wa saikolojia wa Uswisi, mwaka 1921 alieleza watu wanaoelekea nje, kwa wenzao, na wanaoelekea ndani, kwenye mawazo yao, na inasaidia kumwelewa mtoto. Ila ukishampigia mhuri, unaacha kumtazama.

DADA: Lakini darasa limejaa hadi mlangoni. Utamfuata kila mmoja na tabia yake?

MWALIMU: Huwezi. Unabadili namna ya kuuliza. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 aliona walimu wengi wakiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yakawa marefu, na waliokuwa kimya wakaanza kujibu. Kwa hiyo nahesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu. Siku za kwanza kimya kile kilinitoa jasho.

DADA: Mimi nilikuwa mtoto huyo. Nilisimamishwa mbele ya ubao mpaka kengele ikagonga, na jibu nilikuwa nalo. Somo lile sikulipenda tena.

MWALIMU: Pole, dada. Ndiyo maana simsimamishi mtu ghafla. Kila mtoto anaandika jibu kwanza, halafu anamweleza jirani, ndipo nauliza darasa zima.

DADA: Na wale wa "mimi, mimi"?

MWALIMU: Wamepata wa kumwambia, roho zimetulia! Na mpole ameshaijaribu sentensi yake kwa mtu mmoja. Kwetu wanakaa watatu watatu, kwa hiyo jirani yupo tayari, hakuna haja ya kuhamisha dawati.

DADA: Na yule binti wa kikaratasi je, amesema?

MWALIMU: Jumanne. Jirani yake kaandika moja ya nane ni kubwa kuliko moja ya sita, binti akamkatalia kwa sauti hadi darasa likageuka. Mimi nikaendelea kuandika ubaoni kama sikusikia. Ningemsifu palepale, angeinamia dawati tena.