Seli za saratani zikishikana, dawa inaishia nje

Haya jamani, angalieni picha hii. Hilo duara ni bonge la seli za saratani, upana wake haufiki milimita moja, na huo wekundu pembeni ni doksorubisini, dawa ya kemo (tiba ya kuua seli za saratani kwa dawa) ambayo ukiimulika inang'aa yenyewe wala huhangaiki na rangi. Sasa niambieni, katikati kuna wekundu? Hamna, giza tupu.

Ndo shida yenyewe hiyo. Doksorubisini inang'ang'ania DNA, ikiingia seli ya nje inanasa humo humo, jirani yake nayo inachukua fungu lake, mpaka ufike ndani hakuna cha maana kilichobaki. Seli hizo hizo ukizitandaza kwenye sahani ya maabara zinakufa vizuri tu, watu wanashangilia, halafu kwenye uvimbe wenyewe dawa inagoma. Mimi matokeo ya sahani peke yake siyaamini, nasema wazi.

Tuseme basi dawa imepenya. Huko ndani unakuta nini? Oksijeni kutoka kwenye mshipa wa damu inafika mikromita 100 hadi 200 hivi (mikromita elfu moja ni milimita moja), watafiti Thomlinson na Gray waliliona hilo tangu 1955 kwenye saratani ya mapafu, wakakuta seli za mbali zimekufa. Zilizo kati na kati hazijafa, zimelala, hazigawanyiki, na dawa nyingine ya kemo, paklitakseli kwa mfano, inamvizia anayegawanyika, sasa aliyelala utamvizia wapi? Mbaya zaidi, za nje zikishakufa hawa waliolala wanapata hewa na chakula, wanaamka, uvimbe unaota upya. Na kule kushikana kwenyewe, kwa protini kama kadherini, kunazipa ishara za kuendelea kuishi.

Naam dada, nimekusikia, kwa nini tusiongeze dozi? Kwa sababu uboho wa mgonjwa, yaani kiwanda cha damu ndani ya mifupa, hauna bonge la kujifichia, dawa inaufikia wote, na doksorubisini ikizidi inaharibu moyo.

Ndo maana wengine wameamua kulivunja bonge kwanza. Mwaka 2014 ilionekana kwenye panya kwamba seli za saratani ya titi zinazosafiri kwenye damu zikiwa zimeshikana zina uwezo wa kuotesha uvimbe mpya mara 23 hadi 50 zaidi ya zikiwa moja moja, na baadaye digoksini, dawa ya zamani ya moyo, ikaonekana inazilegeza zikaachana. Haiziui, inaziachanisha tu.