Kodi ya Miezi Sita na Kodi ya Mwezi: Kuishi Dar es Salaam, Kuishi Nairobi

Ndugu zangu, habari za mchana. Nilipopewa mada hii ya kulinganisha maisha ya Kenya na Tanzania, mwenyeji wangu alininong'oneza nisije nikaanzisha vita. (Kicheko.) Nitajitahidi.

Takwimu kwanza, tuzimalize mapema. Kwa pato la wastani la mtu mmoja, Kenya iko juu. Iliingia kundi la Benki ya Dunia la nchi za kipato cha kati cha chini mwaka 2014, Tanzania ikafuata Julai 2020. Ila kumbukeni Kenya iliingiaje: wataalamu walibadilisha mwaka wa kizio, yaani mwaka wanaouchukua kama msingi wa kupimia uchumi, na uchumi ukaonekana mkubwa zaidi kwa asilimia 25 hivi. Watu walilala maskini wakaamka wa kati, na bei ya unga dukani ni ileile.

Kuna pia kipimo cha maendeleo ya binadamu, HDI, kilichoasisiwa na Mahbub ul Haq, mchumi wa Pakistan, akiwa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, mwaka 1990; kinachanganya kipato, elimu na umri wa kuishi. Hapo nako Kenya inaongoza, na shule zinaibeba sana: mtu mzima wa Kenya amekaa darasani, kwa wastani, miaka zaidi ya miwili kumshinda mwenzake wa Tanzania. Kwenye umri mambo yanageuka. Anayezaliwa Tanzania anatarajiwa kuishi miaka kama mitatu zaidi.

Sasa niwaambie kitu ambacho hakimo kwenye vipimo hivyo vyote. Kodi ya nyumba.

Nimepanga miji yote miwili. Sinza, Dar es Salaam, dalali alinizungusha juani vyumba vinne, cha nne nikakipenda. Mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Dalali naye akataka ya mwezi mmoja, ndiyo ada yake. Nilikopa kwa kaka yangu, nikauza na simu. Wiki mbili nzima ni ugali na maharage, maharage na ugali. Lakini baada ya hapo mshahara uchelewe, niumwe, hakuna wa kunigongea mlango.

Kayole, Nairobi, niliingia kwa kodi ya mwezi mmoja na dipoziti. Sikumpigia mtu magoti. Ila tarehe 5 ikifika, keateka wa ploti, yaani msimamizi wa nyumba, anapita na daftari lake, na ukimsikia ngazini unapunguza sauti ya redio. Kuna mwezi mshahara ulichelewa. Narudi jioni, nakuta kufuli jipya juu ya langu. Sufuria yenye githeri ya jana imo ndani, mimi niko nje.

Chumba kile kile, pesa karibu zile zile. Tofauti ni lini unabanwa: mjini Dar mlangoni pa kuingilia, mjini Nairobi kila mwezi.

(Swali kutoka nyuma: "Wewe ungechagua wapi?")

Kijana, inategemea unapataje pesa. Kwa mshahara wa kila mwezi, ningerudi Kayole bila kinyongo, nisianze maisha na deni la kaka. Lakini mama yangu alikuwa analima vitunguu. Pesa yake ilikuja mara moja, msimu wa kuvuna, halafu kimya. Yeye ningempeleka Sinza, alipe akiwa ametoka kuuza, afunge mlango wake.