Acheni Damu, Onyesheni Mkanda: Mhadhara kwa Vijana wa Malindi

Wanangu, asalaam aleikum. Nitaanza na lile ninalolisema kila mahali, na leo nalisema tena kwenu mnaotaka kufunza usalama kwa video: acheni kuposti damu.

Ajali ikitokea njia ya Mambrui, majeruhi hajainuliwa bado video imeshafika kila kundi la WhatsApp. Mamake anamwona mwanawe kwenye simu ya jirani. Mtaniambia, "Bila damu hakuna atakayetazama." Watazame ili wafanye nini? Kwamba ajali huumiza, kila mtu anajua. Asichojua ni afunge nini na akaze kiasi gani. Mkimtisha kijana bila kumpa la kufanya, atapitisha kidole aende kwenye video nyingine.

Tazameni helmeti. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha humpunguzia mwendesha pikipiki hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini nendeni stendi yoyote ya boda: imetundikwa kwenye usukani, au iko kichwani na mkanda wa kidevuni unapepea. Helmeti isiyofungwa huweza kuchopoka kabla kichwa hakijagonga lami.

Basi video yenu iwe hiyo tu. Sekunde 30, simu wima. Sekunde 3 za kwanza tuone mkanda unaopepea, kwa karibu, bila salamu wala muziki mrefu. Kisha mikono: ukingo wa mbele ukae kama vidole 2 juu ya nyusi, si kusukumwa utosini. Fungeni, kazeni mpaka chini ya kidevu pabaki nafasi ya kidole kimoja au viwili. Halafu jaribio, na hili msilikate kabisa: shika helmeti kwa nyuma, isukume juu kuelekea mbele. Ikivuka kichwa, haikufai hata ukikaza vipi.

Igeuzeni pia, muonyeshe povu gumu jeupe la ndani, kama lile la masanduku ya samaki. Hupokea kishindo kwa kubonyea, na likishabonyea halirudi. Helmeti iliyogonga kwenye ajali moja itupwe, hata gamba likiwa zima.

Abiria naye sheria inamtaka avae. "Na hijabu je?" Muonyesheni binti mwenyewe: mtandio mwembamba, fundo na pini zimeondolewa chini ya helmeti, maana fundo huiinua na mkanda haukazi sawasawa.

Andikeni maneno makubwa juu ya picha; wengi hutazama bila sauti. Stetasi hufutika baada ya saa 24, kwa hiyo irudieni, msidhani mara moja yatosha. Na maswali yajibiwe, hasa ya anayebisha.

Mengine nayapitisha haraka, muda umebana. Aliyeungua moto: maji baridi ya bomba yanayotiririka, dakika 20, si dawa ya meno. Msimpige picha mtoto bila idhini ya mzazi.

Bahari: anayezama asirukiwe, atakukumbatia mzame wote. Arushiwe dumu tupu la lita 20, kifuniko kimekazwa, kamba imefungwa kwenye mpini. Video hiyo ipigeni pwani maji yakiwa yamekupwa, mrushaji amelala kifudifudi au amepiga magoti ili asivutwe, na kamera iulenge mkono unaoshika kamba.