Kuchora Watu Wanaobarizi: Kanzu Nyeupe Isikushinde

Assalaam aleikum jamani, karibuni tena. Leo tupo Jaws Kona, Mji Mkongwe. Alasiri imeshapita, wazee wameshakaa barazani, dele la kahawa lipo kwenye makaa. Nnachora watu wanaobarizi, basi. Simba na twiga wa michoro ya tingatinga wamejaa madukani, wana wenyewe.

Kanvasi yangu hii ni sentimita 40 kwa 50. Nazikaza mwenyewe nyumbani na nnaziuza, anayetaka aniandikie hapo chini. Paka rangi ya udongo kote, ikauke. Hilo halina maneno.

Ruhusa nimeshaomba. Nimekunywa kahawa vikombe viwili na kashata moja, haya, mbili. Ukishakubaliwa, usikimbilie brashi. Mtu akijua anachorwa hukaza shingo kama anapigwa picha ya paspoti. Wacha wacheze michezo miwili, watakusahau.

Sasa tizama meza. Dhumna ni 28, wachezaji wanne, saba saba. Mwanzo wa mchezo hauchoreki, kila mtu kainamia zake. Subiri zibaki mbili mbili mkononi. Unaona? Migongo imepinda, yule wa kushoto kashika kidevu, na yule aliyesimama nyuma kaziona dhumna za watu wawili, anataka kusema na hathubutu. Mimi nampenda huyo kuliko wachezaji wote.

Haraka, brashi nyembamba, rangi nyepesi: mabega, viwiko, mkono uliopaa kabla haujabamiza. Nyuso ziache. Mtaani kwetu mtu unamjua kwa mgongo wake.

Subiri vespa ipite... Ah! Kamera imeinama. Mlikuwa mnaona ndara zangu tu? Haya, mmeziona, zina kiraka.

Tumefika kwenye kanzu. Hapa weka brashi chini kwanza, nisikilize. Usichukue nyeupe kwenye tyubu ukaipaka kanzu nzima. Usiichukue! Mwaka jana nilifanya hivyo picha nzima, wazee watano wakatoka kama mashuka yaliyoanikwa kambani. Wiki mbili za kazi, nikaigeuza kanvasi ikatazama ukuta.

Wapo kivulini hawa. Bega linalotazama juu linachukua buluu ya mbingu, kwa hivyo nyeupe, buluu tone, kahawia tone. Ubavu ulio karibu na ukuta ni mwengine kabisa: jua linapiga chokaa ya nyumba ya mbele, linarudi huku na umanjano. Hapo tia manjano kidogo, na usitie buluu. Kunja macho nusu utaiona. Nyeupe yenyewe naiweka mahali pamoja tu, kwenye ukingo wa kofia ya huyu aliyekaa mwisho, jua limemgusa.

Na hii rangi yetu ya akriliki ikikauka hukolea. Kivuli kinachokupendeza kikiwa kibichi, baada ya dakika kumi kitakuwa kizito. Changanya kiwe cheupe kidogo kuliko unavyotaka. Mimi hujaribu kwenye kipande cha boksi, nangoja kikauke, ndipo napaka. Nimesema usitumie nyeupe ya tyubu? Nimesema. Nasema tena.

Paka... paka... hapa video nimeirusha mbele, mkono tu huu. Loo, tone la kahawa limeangukia kanzu. Si langu, la mwenye dele, kapita na vikombe vyake. Usifute kwa kidole! Kitambaa kibichi, gusa, inua. Limetoka. Ala, limebaki kidogo, na mimi nnalipenda, litakuwa kivuli cha mfuko.

Dhumna zenyewe ni vipande vyeupe viwili vitatu, doti kwa ncha ya kijiti cha meno. Usihesabu doti, hakuna atakayeangalia.

Mzee, shikamoo, njoo uone basi.

"Marahaba. Huyu ni mimi?"

Ndiyo, mzee.

"Mgongo ndio. Lakini umenipa sita-tano, na mwisho wa meza kote kuna tatu. Sasa hapa mimi nnacheza nini?"

Wallahi kahesabu. Haya jamani, kijiti kiko wapi, nifute doti tatu hapa.